Umepangiwa Tarime na wewe si mwenyeji? Soma hii kabla hujaanza kutembelea kaya

Kama ni afisa ustawi mpya, umekulia Dar au Moshi huko, kuna siku utafika kwenye boma utakwama kwenye fomu pale penye jina la baba. Bibi yupo, mama kijana yupo, watoto watatu wanacheza, mwanaume hamna. Usikimbilie kuandika "baba hajulikani". Uliza kwanza kama ni nyumba ntobhu. Kwa Wakurya mama ambaye hakujaliwa mtoto, au hana wa kiume, anaweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenzie ili amzalie, na watoto wanakuwa wa boma lile, wana ukoo, wana urithi, yule mwanaume aliyewazaa kwa kawaida hana sauti juu yao. Kwa hiyo hao hawajatelekezwa bana. Andika unachokiona: nani anawalisha, nani anabeba mtoto kwenda zahanati akishikwa na homa usiku, ada ya mtihani inatoka wapi.

Kabla ya kwenda pitia kwa mtendaji na mwenyekiti wa kitongoji, ila kesi yenyewe usiimwage pale, sema tu unatembelea kaya. Ukifika shikamoo kwanza, kaa ulipoonyeshwa, habari za mifugo na za mvua ziishe ndo ufungue faili. Mtoto akiinamisha macho ukimuuliza usiandike "anaonekana kuficha kitu", amefundishwa hivyo mbele ya mkubwa.

Mkalimani sasa, hapa ndo wengi wanaharibu. Bibi anaongea Kikurya tu, mtoto anajua Kiswahili cha shule, unamgeuza yeye ndo mkalimani. Usifanye hivyo kabisa, maana atatafsiri kipigo chake mwenyewe mbele ya aliyempiga. Shangazi naye hapana. Tafuta mtu mzima wa nje ya familia, na uliza kimyakimya ni wa ukoo gani, koo nyingine zina ugomvi wa ardhi wa miaka na ukileta mtu wa upande wa pili hapo hutaambiwa kitu.

Afu kuna upande wa pili, maana wapo maafisa wakishasikia "ni mila yetu" wanafunga daftari wanaondoka. Mila inakueleza kaya imejengwaje, haikuzuii kuuliza. Yule mama kijana mtafute peke yake, hata ukimsindikiza kisimani, umuulize aliolewa na miaka mingapi, alikubali au ng'ombe ndo walikubali, mwanaume wa kuzaa naye anamchagua nani, akitaka kuondoka watoto wanabaki na nani. Ukikuta alikuwa chini ya 18 usimung'unye maneno, Mahakama Kuu mwaka 2016 ilishasema vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu hilo ni kinyume cha Katiba na Mahakama ya Rufani ikakazia 2019.

Ukeketaji ndo usisubiri kabisa. Kumkeketa binti wa chini ya 18 ni jinai tangu 1998, na msimu huwa Desemba shule zikifungwa, kwa hiyo ukienda kuongea na wazee wa mila wiki hiyo ng'ombe wa sherehe wameshatengwa. Nenda mapema, Septemba hivi, walimu wa kike wakusaidie kujua mabinti wenye wasiwasi, na kila mmoja aikariri 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure, pamoja na njia ya kufika dawati la jinsia na watoto pale polisi.