Kupima maganda ya shokishoki dhidi ya bakteria, hatua kwa hatua

Msimu wa shokishoki ukifika, maganda hujaa njiani kuanzia Darajani mpaka Mwanakwerekwe, na wanafunzi huanza kuulizia maabara: ati yanaua vijidudu kweli? Nilimsaidia binti mmoja wa chuo kufanya mradi huu, na haya ni yale niliyomwandikia, nimeyaongeza kidogo.

Ganda la shokishoki lina tanini nyingi, hasa jeraniini, pamoja na korilajini na asidi ya elajiki. Tanini hushikana na protini, ndiyo maana ukitafuna ganda ulimi unakauka. Sifa hiyo huwasumbua bakteria, na itakusumbua na wewe ukifika hatua ya 5.

Kazi hii ni ya maabara yenye otoklevu, yaani chungu cha mvuke wa shinikizo cha kuulia vijidudu. Usioteshe bakteria jikoni kwenu.

Hatua ya 1: Maganda

Nunua fungu la siku hiyo hiyo, nywele zake zisiwe zimenyauka. Tunda kula, ganda osha na ukatekate vipande vidogo. Anika kivulini juu ya ungo, feni ikipuliza. Kuanika juani juu ya bati sikubaliani nako, ingawa wengi hufanya hivyo. Wakati wa masika hewa ya Unguja haikaushi kitu, basi tumia oveni ya maabara kwa nyuzi 40.

Ukiona ukungu, hata doa moja, tupa fungu zima. Kuna ukungu unaotengeneza viuavijasumu vyake wenyewe, na penisilini ilitoka huko. Utakuja kulisifia ganda kwa kazi ya ukungu.

Ganda likivunjika kwa sauti ukilikunja, limekauka.

Hatua ya 2: Twanga, chekecha

Kinu na mchi. Blenda hupata moto na unga hunata.

Hatua ya 3: Loweka na ukaushe

Gramu 10 za unga kwa mililita 100 za ethanoli ya asilimia 70, kwenye chupa iliyofunikwa isipate mwanga, saa 24, ukiitikisa kila ukipita. Metanoli huvuta vizuri pia, lakini ni sumu na siitaki mikononi mwa mwanafunzi. Spiriti ya dukani iliyotiwa rangi usiiguse, maana imechanganywa na vitu vingine ili watu wasiinywe.

Chuja kwa kitambaa kwanza, kisha kwa karatasi ya kuchujia ya Whatman namba 1. Ukianza na karatasi moja kwa moja itaziba. Kausha kwenye beseni la maji moto lisilozidi nyuzi 45, na moto wa wazi usiwe karibu. Pima uzito wa chombo kitupu kabla, halafu endelea kupima mpaka uzito usibadilike tena. Ethanoli ikibaki ndani, yenyewe inaua bakteria.

Hatua ya 4: Diski

Yeyusha dondoo, yaani kile kilichobaki baada ya kukausha, kwenye DMSO (kiyeyusho cha maabara) ya asilimia 10 upate miligramu 100 kwa mililita. Diski ya karatasi ya milimita 6 itie maikrolita 20, iache ikauke. Bakteria tumia aina za kulinganishia, *Staphylococcus aureus* ATCC 25923 na *Escherichia coli* ATCC 25922, uzifikishe McFarland 0.5 (kipimo cha wingi wa bakteria kwa jinsi maji yalivyochafuka) na uzipake juu ya agari ndani ya dakika 15, kisha weka diski juu yake. Agari ya Mueller-Hinton, yaani chakula cha bakteria kilichoganda kwenye sahani, iwe na kina cha milimita 4. Nyuzi 35, saa 16 hadi 18. Weka pia diski yenye DMSO peke yake na diski ya gentamaisini, dawa ya hospitali ya kuua bakteria, ya maikrogramu 10. Kwa *E. coli* hii, gentamaisini lazima itoe duara lisiloota bakteria la milimita 19 hadi 26. Ikitoka nje ya hapo, sahani nzima haina maana, rudia.

Hatua ya 5: Visima 96

Hapa ndipo watu hupoteza siku. Diski pekee haitoshi kwa tanini, kwa sababu molekuli zake ni kubwa na hutembea pole pole ndani ya agari. Duara dogo si lazima liwe na maana kwamba dawa ni dhaifu. Kwa hiyo tunaingia kwenye brothi, yaani supu ya kuoteshea bakteria, ndani ya sahani ya visima vidogo 96, tunapunguza dondoo nusu kwa nusu kuanzia miligramu 5 kwa mililita, na kila kisima kinapata bakteria wapatao 500,000 kwa mililita.

Tatizo la kwanza: dondoo ikigusa brothi, tanini hushikana na protini zake na brothi inachafuka kabla hata bakteria hawajatiwa. Kuangalia kwa macho kama kisima kimechafuka hakusaidii kitu. Mashine ya kusoma mwanga nayo inadanganyika vile vile.

Watu husema, basi tia rangi ya resazurini: buluu ikigeuka waridi, bakteria wako hai. Sawa, lakini tanini nayo hutoa elektroni, na inaweza kuibadilisha rangi yenyewe bila bakteria hata mmoja. Ndiyo maana nasisitiza safu ambayo wengi huiacha kwa kubana matumizi: dondoo na brothi bila bakteria, kwa kila kiwango, si kimoja tu. Ongeza kisima cha bakteria bila dondoo, cha brothi tupu, na cha bakteria pamoja na DMSO ya kiwango kile kile.

Safu ile isiyo na bakteria ikigeuka waridi, resazurini iweke kando. Chukua maikrolita 10 kutoka kila kisima, dondosha kwenye agari safi yenye namba, iache usiku kucha. Kisima ambacho tone lake halikuota kitu, bakteria wake wamekufa. Mimi siku hizi hufanya hivi hata rangi ikikubali.

Hatua ya 6: Kuandika majibu

Duara pima pamoja na diski yenyewe. Usishangae *E. coli* akikataa kabisa huku *Staphylococcus* akikubali, kwani *E. coli* ana utando wa ziada nje unaozuia vitu vingi kuingia.

Na tafadhali usiandike kwamba shokishoki "imeishinda" gentamaisini. Diski yako imebeba miligramu 2 za dondoo, yaani mara 200 ya gentamaisini iliyo kwenye diski ya jirani. Wala usimshauri mtu anywe maji ya maganda. Hatukupima tumbo la mtu, tumepima sahani.

Dondoo iliyobaki itie chupa ya kahawia, andika tarehe, weka friji. Sahani zote zipite otoklevu, nyuzi 121 kwa dakika zisizopungua 15, kabla ya kutupwa.