Saa kuukuu ya kifahari: kagua uso kabla ya bei

Ukionyeshwa saa ya mkono ya Omega ya miaka ya 1960 mahali popote Nairobi, anza na uso wake. Thamani kubwa imo humo, na ndimo udanganyifu hufanyika. Chukua lenzi ya kukuza mara 10, usome maandishi ya chini kabisa, "Swiss Made". Herufi zikiwa nene, zimepinda au zinagusana, uso huo huenda umepakwa rangi upya. Uso halisi uliofubaa una bei kuliko mpya unaong'aa.

Kisha rangi ya kung'aa gizani. Herufi T kando ya "Swiss" humaanisha tritiamu, kitu chenye mionzi kinachoifanya rangi ing'ae, ambacho hupungua nusu kila miaka 12 hivi. Ya enzi hizo haiwezi kuwaka usiku kucha. Ikiwaka, imebadilishwa. Nukta na mishale vifanane rangi. Saa za zamani zaidi zina radiamu, nayo ina mionzi: usiikwangue, vumbi lake ni hatari kuvuta.

Kingo za kasha, yaani mwili wa chuma wa saa, zikiwa zimeviringika ni kazi ya msasa, na chuma kilichoondoka hakirudi.

Usilipe kabla kifuniko cha nyuma hakijafunguliwa mbele yako. Mashine za Omega za wakati huo zina rangi ya shaba na namba imechongwa humo. Tafuta kutu karibu na kifundo cha kutilia ufunguo, maji hupenyea hapo.

Ukimpelekea fundi, mwambie asafishe na kutia mafuta tu. Asing'arishe kasha, na kipuri chochote atakachobadilisha akurudishie.