Fest yia wa uhandisi wasije wakadisko (kuondolewa chuo kwa kufeli), anza nao mapema

Walimu wenzangu wa uhandisi hapa Arusha na Moshi, usisubiri UE, mtihani wa mwisho wa semesta, ndo ujue nani kazama. Wiki ya tatu hivi toa kwizi fupi ya hesabu za fom siksi, aljebra, trigo, difrensiesheni, sahihisha haraka, halafu wale walioshindwa waite mmoja mmoja, sio kuwasoma majina mbele ya darasa, mtoto akiaibishwa pale anaacha kuja lekcha kabisa.

Alafu wape kitu cha kushika. Mimi napenda mifereji ya Wachagga ya kumwagilia mashamba, ipo huko juu Kilimanjaro miaka mingi na ni uhandisi kamili. Wapeleke kwenye mfereji wapime maji yanapita lita ngapi kwa sekunde, wapime na mteremko, yaani maji yanashuka mita ngapi, warudi wapige hesabu ya umeme: lita 50 kwa sekunde zikishuka mita 10 ni karibu kilowati 5, kabla hujatoa hasara za tabaini na jenereta. Hapo hapo uliza hasara inatoka wapi, utaona wanavyobishana, na fluidi mekaniki, somo la mwendo wa maji na vimiminika, inaingia yenyewe.

Grupu ziwe za watu wanne, na usimwache binti peke yake kwenye grupu ya wavulana maana ataishia kuandika ripoti tu wenzake wanashika vifaa.

Na mtu akipotea wiki mbili mpigie simu, mara nyingi sio uvivu, bumu, hela ya mkopo ya kujikimu, limechelewa na hana hata nauli ya daladala. Muunganishe na ofisi ya mikopo siku hiyo hiyo.