Kabla wingu halijashuka: mambo ya kuzingatia msimu wa mvua huku Kusini

Mtu wa Mtwara akikuambia utabiri ni uongo, muulize Aprili 2019. Tulitangaziwa Kimbunga Kenneth, shule zikafungwa, watu wakahama mabondeni, nacho kikapita zake kusini ya mto Ruvuma kikaipiga Cabo Delgado, Msumbiji. Huku tulicheka, ng'ambo ya mto watu walikuwa wanazika. Mei 2024 Hidaya kilifika Mafia kimeshaishiwa nguvu, lakini mvua yake ikakata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga, na magari hayakupita kwa siku kadhaa.

Kwa hiyo kwanza, sikiliza tangazo lote. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa angalizo, tahadhari au tahadhari kubwa, kisha hutaja uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Hapo ndipo wengi wetu tunapozima redio. Wakisema mvua kubwa wanamaanisha inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24, tena wanazungumzia mkoa mzima: Newala inaweza kulowa na Masasi ikabaki na vumbi. Mimi hujiuliza swali moja tu: nikijiandaa na isije, nitakuwa nimepoteza nini? Kuanua korosho ni kazi ya nusu saa, basi naanua hata kwa angalizo. Kuhamisha familia ni gharama, hiyo naiwekea tahadhari kubwa, isipokuwa kwa anayekaa bondeni. Huyo asinisikilize mimi, aondoke mapema.

Korosho nazisemea zaidi kwa sababu ndizo ada za watoto. Mvua za mwanzo, Novemba na Desemba, hukuta nyingine bado ziko chini ya mikorosho na nyingine uwanjani. Okota kila siku, usisubiri zijae. Iliyolowa hupata madoa, na ghalani itashushwa daraja hata ukibembeleza. Magunia yapange juu ya chanja au mbao, mbali na ukuta, maana nyumba ya udongo hunyonya maji kutoka chini. Na usizifunike kwa nailoni zikiwa bado na unyevu; zitatoka jasho na kuota ukungu, hasara uliyojitengenezea mwenyewe bila tone la mvua.

Paa nalo likaguliwe kabla ya Desemba. Upepo huanza kuling'oa kwenye upenu, kwa hiyo funga kenchi kwa waya hadi kwenye nguzo, na rudishia misumari iliyolegea. Yale mawe tunayopanga juu ya bati yashushwe: bati likiruka, yanamwangukia aliyelala. Tawi kavu la mwembe linaloelekea nyumba likatwe, hata kama mwenye mwembe ni shemeji.

Ndani weka makopa (mihogo mikavu), unga, chumvi na maji safi ya siku kadhaa, kwa sababu choo kikifurika kisima hakinyweki. Vitambulisho, kadi za kliniki na dawa za presha vikae kwenye mfuko mmoja wa nailoni. Redio ya betri usiidharau, umeme ukikatika sana hata mnara wa simu hunyamaza.

Wa pwani wahesabu mwezi. Dhoruba ikikutana na bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo au mpevu, maji hupanda hadi pasipozoeleka, kwa hiyo ngarawa ipandishwe juu zaidi ya alama ya kawaida.

Mjamzito aliyekaribia siku zake apelekwe mapema kwa ndugu anayeishi jirani na kituo cha afya. Mito ya Lukuledi na Mbwemkuru hujaa kwa mvua iliyonyesha juu huko, wakati kwako jua linawaka, na bodaboda atakayekwambia maji yanafika magotini tu alivuka asubuhi.