Somo: Kuongeza na kuondoa vifurushi vya LaTeX kwa tlmgr

Somo hili ni la wanaoandika tasnifu kwa LaTeX huku wakihesabu bando. TeX Live (programu zinazoendesha LaTeX pamoja na vifurushi, yaani viongezo vyake) ikiwa kamili inakula gigabaiti kadhaa, na sehemu kubwa hutaigusa kabisa. Sakinisha ile ndogo, kisha ongeza unachokihitaji tu kwa tlmgr, programu yake ya kuongeza na kuondoa vifurushi.

Kwanza punguza mzigo. Kila kifurushi hushuka na nyaraka zake na msimbo chanzo; zuia vyote viwili:

`tlmgr option docfiles 0`
`tlmgr option srcfiles 0`

Halafu sasisha tlmgr yenyewe, maana ikiwa imepitwa huweza kugoma:

`tlmgr update --self`

Sasa tuseme unakompaili tasnifu, inakwama hapa:

`! LaTeX Error: File 'tikz.sty' not found.`

Wengi hukimbilia `tlmgr install tikz`, wakaambiwa hakuna kitu cha jina hilo. Jina la faili si lazima liwe jina la kifurushi. Uliza kwanza:

`tlmgr search --global --file /tikz.sty`

Usiache ile alama ya / mbele ya jina. Bila hiyo utamwagiwa kila faili ambalo jina lake lina herufi hizo ndani. Jibu litakuonyesha pgf, basi:

`tlmgr install pgf`
`kpsewhich tikz.sty`

Amri ya pili ikitaja mahali faili lilipo, endelea kuandika. Ikinyamaza, kifurushi hakijaingia.

Kwenye kuondoa naomba mtulie. Majina yanayoanza na `collection-` ni makusanyo: ukiondoa mkusanyo, vifurushi vyake vinaondoka nao. Ukiondoa kifurushi kimoja, kinaondoka peke yake, na vile kilivyovitegemea vinabaki. Kwa hiyo jaribu kabla hujagusa kitu:

`tlmgr remove --dry-run pgf`

Ukiridhika, rudia bila `--dry-run`. Kama kuna kingine kinachokitegemea, tlmgr itakataa na kukutajia. Isikilize. Ukilazimisha kwa `--force`, slaidi zako za beamer (kifurushi cha kutengenezea slaidi) hazitakompaili tena, kwa sababu beamer inaitegemea pgf.

MASWALI YA WADAU

Mkuu, nikiandika `sudo tlmgr` naambiwa "command not found", lakini bila sudo inaitika. Tatizo nini?

Sudo, inayoendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi, ina orodha yake ya folda za kutafutia amri, na folda ya TeX Live haimo. Ielekeze hivi: `sudo "$(which tlmgr)" install pgf`

Mimi natumia Ubuntu, TeX niliiweka kwa apt. tlmgr inasema "switching to user mode".

Ndugu, ulichoweka kwa apt, kisakinishi cha Ubuntu, kiongeze na kukiondoa kwa apt. Kwa tikz ni `sudo apt install texlive-pictures`, na kuiondoa ni `sudo apt remove texlive-pictures`. Ukichanganya njia hizi mbili utapata matoleo mawili ya kitu kimoja yanayogongana.

Mwalimu, yangu ni ya 2022, inagoma kuongeza chochote, eti seva ina toleo jipya. Nakabidhi tasnifu mwezi ujao.

Toleo jipya hutoka kila mwaka, na seva za kawaida hubeba hilo tu. Kwa muda uliobaki usihame toleo, dada. Elekeza tlmgr kwenye hifadhi ya matoleo ya zamani, kisha ongeza kama kawaida:

`tlmgr option repository https://ftp.math.utah.edu/pub/tex/historic/systems/texlive/2022/tlnet-final`