Kulinda piano na unyevu wa hewa ya Pwani

Watengenezaji wengi hutaka piano ikae kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 40 hadi 50. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja wakati wa masika, hewa ya chumbani mara nyingi hupita 80. Ubao wa sauti ulio nyuma ya nyuzi hufyonza maji na kutuna, nyuzi zinakazwa, sauti inapanda, hasa katikati ya kinanda. Vitambaa vya felti kwenye vitufe navyo huvimba: ukibonyeza, kitufe kinabaki chini. Nyuzi za chuma zinashika kutu.

Anza kwa kupima. Nunua haigromita ya dijitali, yaani kipimo cha unyevu wa hewa, kisha ihakiki: changanya chumvi na maji kidogo sana kwenye kifuniko cha chupa mpaka iwe kama uji mzito, uifungie pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa kwa saa 12. Inapaswa kusoma 75. Ikisoma 79, basi kila mara toa 4.

Sasa mahali. Iweke piano kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha, ukiacha sentimita 10 nyuma yake. Usiifunike kwa nailoni, maana unyevu unanaswa humo humo na ukungu unaota.

Kwa piano ya kusimama, dawa nafuu ni fimbo ya kupasha joto ya wati 25 yenye kidhibiti cha unyevu, inayofungwa ndani, nyuma ya ubao wa chini, isigusane na mbao wala felti. Hewa ya sentigredi 30 yenye unyevu wa 80, ikipashwa hadi 34, hushuka hadi kama 64 bila tone la maji kuondolewa. Usiweke balbu badala yake. Ni hatari ya moto, na haijui wakati wa kuzima.

Mashine ya kukausha hewa ina nguvu zaidi, lakini chumba lazima kifungwe. Madirisha ya luva hayazibi vizuri, kwa hiyo mashine itakausha hewa ya mtaa mzima bure. Iweke kwenye 55, uunganishe mpira wa kumwaga maji nje. Bila mpira, tangi likijaa inajizima yenyewe.

Kiyoyozi ndicho kinachoharibu piano nyingi za kanisani: kinawashwa Jumapili saa tatu, kinazimwa wiki nzima. Mbao zinasinyaa na kutuna kila wiki, mwishowe ubao wa sauti unapasuka na vigingi vinavyokaza nyuzi vinalegea. Afadhali 60 isiyobadilika kuliko 45 ya saa chache.

Kitufe kikikwama, usipulizie mafuta. Yanaloweka felti, yananasa vumbi, na fundi atalazimika kuibadilisha.

Fundi wa kutyuni, yaani kurekebisha sauti za nyuzi, aitwe wiki tatu baada ya unyevu kutulia. Akija kabla, kazi yake haitadumu.