Namna ya Kudai Kodi ya Soda Itakayoshusha Bei ya Kitoweo

Anayependekeza kwamba vinywaji vitamu na vyakula vya pakiti vitozwe kodi zaidi, ili tupunguze maradhi ya sukari na presha, hujibiwa haraka kwamba maisha ni magumu tayari na kwamba mzigo mwengine hautakiwi. Jibu hilo lina haki yake, kwani kodi ya chakula ikipangwa ovyo humwangukia yule yule asiyekuwa nacho. Hata hivyo ipo namna ya kuipanga ikampunguzia gharama, nayo ina masharti mawili: itozwe kwenye kitu ambacho mtu anaweza kukiacha, na fedha zake zirudi kwenye kitu asichoweza kukiacha. Muongozo huu umeandikwa kwa kamati ya shehia, jumuiya au kikundi kinachotaka kupeleka maoni yake kwa mwakilishi wa jimbo kabla ya bajeti kujadiliwa katika Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, kule Chukwani.

Anzeni na daftari, si na barua. Ziombeni nyumba kumi hivi, zenye vipato tofauti, ziandike kwa mwezi mzima kila kinachonunuliwa cha kuliwa na kunywewa, pamoja na bei yake. Mchele, unga, muhogo, ndizi, dagaa, samaki, mafuta ya kupikia, boflo la asubuhi na sukari ya chai viwekwe upande mmoja. Soda, juisi za maboksi, biskuti, peremende na bisi za pakiti wanazonunua watoto wakitoka skuli ziwekwe upande wa pili. Msitegemee kumbukumbu. Shilingi mia tano za mtoto hazikumbukwi na mtu, ilhali mwisho wa mwezi zinaweza kufika bei ya mtungo wa samaki.

Hatua ya kuchagua kitakachotozwa ndiyo ngumu kuliko zote, na hapo ndipo sisi tulipokosea mara ya kwanza. Rasimu yetu iliomba sukari itozwe kodi, basi, bila ya kufafanua. Mama mmoja anayeuza mandazi alituuliza kwa upole kama tunamkusudia yeye. Kila alfajiri hukanda kilo tatu za unga kwa nusu kilo ya sukari, na wateja wake ni wachukuzi na wanafunzi ambao andazi likipanda bei hawana pa kwenda. Tukafuta. Sukari ya kupima ni kitu cha jikoni, na bei yake ikipanda, mwezi wa Ramadhani hasa, huumiza kila nyumba. Kinachofaa kutozwa ni kinywaji au chakula kilichokwisha kutiwa sukari kiwandani. Kwa sababu hiyo hiyo urojo na muhogo wa kukaanga wa barazani viacheni, kwani hakuna afisa atakayepima mafuta ya karai.

Kisha amueni namna ya kutoza. Mexico, tangu Januari 2014, hutoza vinywaji vitamu kwa lita, na katika mwaka wa kwanza manunuzi yake yalipungua kwa wastani wa asilimia 6, huku familia za kipato cha chini zikipunguza zaidi. Afrika Kusini ilichagua njia nyengine mwaka 2018: hutoza kila gramu ya sukari inayozidi gramu 4 katika mililita 100. Mimi naipendelea hiyo ya pili, na hesabu ifuatayo inaonesha kwa nini. Chukueni chupa ya mililita 350 ambayo lebo yake inasema gramu 10 kwa kila mililita 100. Ndani yake mna gramu 35, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe takriban gramu 50 kwa siku nzima. Gramu 14 za mwanzo hazitozwi, zinabaki 21. Tukichukulia mfano wa shilingi 5 kwa gramu, kodi ni shilingi 105. Mwenye kiwanda akipunguza sukari hadi gramu 7 kwa mililita 100, kodi inashuka mpaka shilingi 52 na nusu, yaani nusu kamili. Uingereza, inayotoza kwa madaraja ya sukari tangu Aprili 2018, viwanda vingi vilipunguza sukari hata kabla ya siku ya kuanza, na mnunuzi akapata kinywaji chenye sukari kidogo bila ya kulipia kodi hiyo.

Andikeni pia nani atakusanya. Ushuru wa forodha ni jambo la Muungano, lakini kodi ya ongezeko la thamani ya Zanzibar ina sheria yake na husimamiwa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Barua isiyotofautisha haya hurudishwa kwa swali moja tu. Tena kumbukeni bahari. Denmark iliweka kodi ya mafuta yanayoganda, ikagusa siagi, jibini na nyama, mwezi wa Oktoba 2011, na ikaifuta baada ya mwaka mmoja na kidogo, sababu moja ikiwa watu kuvuka mpaka kwenda kununua Ujerumani na Sweden. Wapemba hawahitaji kuelezwa zaidi: bei ya karafuu inapotofautiana na ya ng'ambo, majahazi hutembea usiku kwa magendo. Kiwango kiwe cha wastani, na kilingane na cha Bara inapowezekana.

Sharti la pili lina maneno machache lakini ndilo lenye uzito. Fedha ikiingia mfuko mkuu wa Serikali bila ya kifungu cha sheria kinachoitenga, haitaonekana tena. Mji wa Philadelphia, Marekani, ulipoanza kutoza vinywaji vitamu mwaka 2017, ulitaja mapema kwamba sehemu ya mapato ni ya madarasa ya watoto wadogo. Sisi tutaje kitoweo. Upepo wa kusi ukivuma, vyombo vingi havitoki na samaki hupanda; mtambo wa barafu na chumba cha baridi katika madiko, pale samaki wanaposhushwa, vingeuwezesha mzigo wa siku za neema kufika soko la Mwanakwerekwe, Unguja, au la Chake Chake, Pemba, ukiwa mzima. Ombeni pia chakula cha mchana katika skuli za msingi, kipikwe kwa muhogo, maharage na mboga za wakulima wa karibu.

Barua isizidi kurasa mbili, jumla za daftari ziwe mwanzo, na sheha aigonge muhuri. Nakala moja bandikeni kwenye ubao wa afisi ya sheha pamoja na bei za mwezi huo za soda, dagaa, mchele na samaki, ili mwakani mpate cha kulinganisha.